Refa na Goli la Mnadani

Watu wa Mpanda siku hizi wanamkumbuka kwa goli moja, na hilo ndilo linalonikera. Mtu huyu nimemjua miaka mingi. Nimekimbia naye juani kwenye viwanja vyenye mashimo na mavi ya ng'ombe, nimekula ugali kwake, nimegombana naye mpaka tukanuniana msimu mzima. Leo nikimtaja sokoni ninapouza mchele, wananikatiza: "Yule aliyeuza mechi?" Basi jina lake silitaji tena. Namwita Refa, kama tulivyomwita wote, hata mkewe, hata padri.

Kazi iliyomlisha ilikuwa kuchomelea. Alikuwa na kibanda Majengo, akitengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma, na katika kazi hiyo alikuwa mwongo kama fundi mwingine yeyote. Akikwambia "njoo Ijumaa," usiulize Ijumaa ya mwaka gani. Mimi mwenyewe nilimpa kazi ya mlango wa stoo ili mvua isinilowanishie mchele, nao mlango ukaja mvua ikiwa imeshakwisha. Lakini mtu huyohuyo akishavaa kaptula nyeusi na kuning'iniza filimbi shingoni, humjui. Timu ikichelewa anawapa wapinzani ushindi na kwenda zake nyumbani. Mwenyekiti wa mtaa akisogeza kiti chake ndani ya mstari, anasimamisha mpira mpaka kiti kirudi. Niliwahi kumuuliza kwa nini saa yake inafanya kazi uwanjani tu. Akasema mteja wa geti hawezi kumpiga mawe.

"Filimbi haina ndugu," ndiyo ilikuwa kauli yake. Mechi moja kule Inyonga, nyumbani kwao mkewe, alimtoa shemeji yake kwa kadi nyekundu kwa kumkwatua mtu kwa nyuma. Mama mkwe alikuwa pembeni ya uwanja na ndoo ya asali aliyomwandalia mkwe wake. Mpira ulipoisha, ndoo ilirudi kichwani mwa mwenyewe na kwenda nyumbani. Njia nzima ya kurudi Mpanda mke alimpa mumewe kisogo. Refa akaninong'oneza kwamba heri kukosa asali kuliko kukosa heshima, kisha akanung'unikia ile asali mpaka msimu uliofuata, maana aliipenda kuliko nyama.

Asije mtu akadhani alikuwa malaika. Kwenye drafti alikuwa mwizi wa kutupwa. Ukigeuka kumjibu mtu salamu, kete yako imehama. Ukimshika anakuangalia usoni bila haya na kukuuliza kama una ushahidi. Tena alikuwa mkavu. Pole haikutoka mdomoni mwake. Mchezaji akianguka na kugaagaa, yeye husimama juu yake akiangalia saa. Kijana mmoja alimwambia ana malaria, naye akamjibu, "Malaria haijasajiliwa kwenye mechi hii, inuka." Kwa jinsi alivyoona yeye, maumivu mengi ni uvivu uliopewa jina zuri. Nilimchukia kwa hilo kabla hajaugua, na alipougua nilitamani sana watu wasiwe kama yeye.

Mimi aliniokota kwenye mechi. Nilikuwa mtazamaji tu, nikapiga kelele kwamba lile goli ni ofsaidi. Wanaume wakanizomea. Yeye alikuja mapumziko akaniuliza niliona nini, nikamweleza nani alisimama wapi wakati pasi inatoka. Mechi iliyofuata alinikabidhi kibendera. Walipocheka, aliwaambia, "Macho hayavai suruali." Tangu siku hiyo aliniita Kibendera, na kwa miaka yote tuliyochezesha pamoja hakuwahi kupuuza mkono wangu ukiwa juu, isipokuwa mara moja.

Hiyo mara moja nitaifikia. Kwanza lazima niseme habari ya kamati ya ufundi. Kila timu huku ina kamati hiyo, na mgeni atadhani ni watu wa kupanga mbinu za uwanjani. Siyo. Ni wazee wawili watatu wanaokwenda kwa waganga, wanaomwaga vitu golini alfajiri, wanaowaamuru wachezaji waingie uwanjani kinyumenyume. Timu ya Mnadani, ya wafanyabiashara wa ng'ombe, ilisifika kwa kamati kuliko kwa mpira. Katibu wake alikuwa mtu mzima mwenye sauti nzito, mpole ukikutana naye dukani, lakini timu ikifungwa anageuka mwingine. Siku moja Refa aliwapa wapinzani wa Mnadani penalti mwisho wa mpira, nayo ikaingia. Penalti ilikuwa halali, niliiona. Katibu alimsubiri kwenye njia ya kutokea, akamwambia mbele ya watu wote, "Utatuona. Kama bado utakuwa na macho ya kuonea."

Haukupita muda, jicho la kulia likaanza kufifia. Lilimuuma akiligeuza, na kila kitu kupitia jicho hilo kilikuwa kama kimefunikwa na moshi. Alikuja sokoni, akatoa kadi nyekundu mfukoni, akafumba jicho zima na kuniuliza, "Kibendera, hii rangi gani?" Nikamwambia nyekundu. Akasema yeye anaona udongo.

Kwenye zahanati walisema ni moto wa kuchomelea, wakampa dawa ya matone. Mtaani walisema ni Mnadani. Na Mnadani wenyewe, hapo ndipo nawachukia, hawakukana. Wangewezaje kukana? Timu zote za wilaya zilianza kuwaogopa. Katibu akiulizwa, anatabasamu na kusema mpira una mambo. Baadaye jicho lilirudi lenyewe, si lote, ila kiasi cha kutosha kazi. Katibu akatangaza kwamba wamemsamehe.

Ndipo ikaja fainali ya kombe la wilaya, Mnadani na timu ya vijana wa gereji. Mshambuliaji wa Mnadani alikuwa nyuma ya mabeki wote wakati pasi inatoka, peke yake, angeweza hata kufunga kamba za viatu. Nilinyanyua kibendera. Refa akanitazama. Aliniona, tulitazamana kabisa. Akapuliza filimbi na kuonyesha mkono katikati ya uwanja. Goli. Mnadani wakawa mabingwa, na mimi nikawa mwanamke asiyejua ofsaidi. Miaka yote iliyofuata, mtu akitaka kunitania sokoni ananyanyua kitambaa juu. Refa alisikia yote hayo na hakunitetea. Nilikasirika mno hata nikaacha kwenda kwake.

Alinifuata mwenyewe, masika hiyohiyo. Alikuwa anatembea kwa kuburuza mguu wa kushoto. Alisema nyayo hazijui zinakanyaga nini, kama anatembea juu ya pamba, na kifua kimekazwa kama amefungwa mkanda. Akakaa juu ya gunia langu bila kuombwa.

"Lile goli," akasema. "Uliona sawa. Nami niliona umeona."

"Sasa kwa nini?"

"Niliogopa jicho lingine. Hawakuniomba kitu, Kibendera. Niliwapa tu ili waniache." Akaupiga mguu wake ngumi, kama anaugongea hodi. "Nimewapa, na mguu umekufa vilevile. Kwa hiyo si wao."

Huyo ndiye mtu niliyemfahamu. Mwingine angesema wamemgeuka, au dau lilikuwa dogo. Yeye alifikiri kama refa. Kuna jambo lingine pia lililomsumbua akili. Kila alipoinama kutazama saa, kitu kilimshuka mgongoni mpaka miguuni kama shoti. "Mimi nachomelea," akaniambia. "Nimepigwa na umeme mara ngapi? Huu ni umeme, si jini. Kuna waya umechunika mahali." Lakini akaniomba habari ya goli isitoke kinywani mwangu. Heshima ya filimbi ndiyo mali aliyokuwa nayo. Sikuwahi kuahidi, ila sikusema.

Laiti angesafiri kwenda hospitali wiki ileile. Lakini mgonjwa wa kwetu si wa peke yake, ni wa ukoo na mtaa. Wakaja na nyungu. Majani ya mwarobaini na mkaratusi yakachemshwa, mgonjwa akakalishwa juu ya kigoda na chungu mbele yake, wakamfunika mablanketi mpaka jasho likachuruzika. Nilifika nikamkuta humo. Alipiga kelele kwamba haoni. Walipomtoa, miguu yote miwili ilikuwa imelegea, macho yamezima kabisa. Nikasema jamani mtoeni nje apate hewa. Mama mmoja wa maombi akaniambia, "Mwache dada, kinatoka hicho. Kimebanwa ndiyo maana kinapigana." Wakampeleka uani, upepo ukampiga, akapoa. Macho yakarudi, mguu mzuri ukasimama. Vigelegele. Kupofuka kwake kulikuwa ushahidi kwamba nyungu imekigusa hicho kitu, na kuona kwake kulikuwa ushahidi kwamba kimetoka. Wakamrudia kila jioni. Baadaye daktari alikuja kumweleza kwamba neva zilizochunika hazipendi joto, mwili ukipanda joto zinashindwa kazi, ukipoa zinajitahidi tena. Ni hivyo tu. Walikuwa wanampika mtu, halafu wanasifu upepo kwa kazi waliyodai ni ya majani.

Na kila nafuu iliyomjia ilipata mwenyewe. Ugonjwa huu, nimejifunza sasa, huja na kuondoka, hasa miaka ya mwanzo. Unampiga mtu, unakaa, halafu unalegeza bila kuombwa. Aliyekuwa karibu wakati unalegeza ndiye anayechukua sifa. Jicho waliliponya Mnadani kwa msamaha. Mguu ulipopata nguvu kidogo, mama wa maombi alimtaja kanisani kama ushuhuda. Hata muuza mizizi wa stendi alikuwa na fungu lake la sifa. Na ugonjwa uliporudi, hakuna aliyejitokeza kusema huu ni wangu.

Safari ya kwenda hospitali kubwa ilikuja kwa ukali wa mkewe, ambaye alichoka vigelegele. Kabla ya hapo walikuwa wamempima kila kitu hapa karibu, na kila jibu lilitoka safi, mpaka muuguzi mmoja akamwambia labda ni mawazo. Kule mjini alikutana na daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, mama kijana, mdogo kuliko binti yake. Wakampiga picha ya kichwa na mgongo ndani ya ile mashine ya MRI, wakachukua maji ya uti wa mgongo. Kisha daktari akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nachomelea."

"Waya ukichunika ganda unafanyaje?"

"Unapiga shoti. Au umeme haufiki."

"Neva zako zimechunika maganda," daktari akamwambia. "Askari wa mwili wako mwenyewe ndio wanaoyachuna. Wamekosea adui." Akamtajia jina, maltipo sklerosisi, na kumwambia hakuambukizwa, hakuambukiza mtu, na hakuna aliyemtupia. Refa alinieleza kwamba aliposikia hilo la mwisho alilia mbele ya yule binti, yeye ambaye hakuwahi kumpa pole mtu.

Daktari hakumdanganya. Alimwambia dawa ya kuuondoa haijapatikana. Zilizopo ni za kuwapunguza nguvu hao askari, ili mashambulio yawe machache na kilichobaki kisiharibike haraka. Kilichokwisha kuharibika huenda kisirudi. Akamwambia jambo ambalo Refa alilirudia mpaka likatuchosha. Shambulio likipita, mtu hajapona, ugonjwa umekaa kimya tu. Asiache dawa kwa sababu anajisikia vizuri. Na likija jambo jipya, jicho, mguu, kushindwa kuzuia mkojo, likadumu siku nzima bila kuachia, apige simu, asisubiri tarehe ya kliniki.

Ungedhani mtu wa sheria kama yeye angezifuata sheria hizo tangu siku ya kwanza. Wapi. Alipopata nafuu aliruka kliniki, akasema amepona, akachezesha mechi nzima saa za jua kali. Alianguka katikati ya uwanja na watu wakasema amelewa. Shambulio lililofuata lilimwachia mkongojo. Baada ya hapo aligeuka akawa msumbufu wa upande wa pili. Alifanya kazi alfajiri tu, mchana analala kivulini na kitambaa kibichi shingoni na miguu kwenye beseni. Wageni wakizidisha maongezi saa yake ya kupumzika, alipuliza filimbi, nao wakaondoka wakicheka, wengine wamenuna. Mazoezi ya viungo aliyofundishwa aliyafanya akishikilia geti la mteja ambaye Ijumaa yake ilikuwa haijafika. Alikwenda kliniki kwa treni, kwa sababu basi halina choo na kibofu chake hakikuwa na subira. Aliniambia hilo kwa aibu kubwa, akitazama pembeni.

Alichoshindwa kukizoea ni macho ya watu. Asubuhi wanamwona anatembea, mchana wanamwona amelala hoi. "Refa anaigiza," walisema. Uchovu wake haukuwa wa kazi, ulikuwa unamwangukia kama amebebeshwa gunia, naye hakuwa na jeraha la kuwaonyesha. Halafu, kwa kuwa hakufa, wakabadili hadithi. Sasa walisema Refa kajikinga huko alikokwenda, kapata dawa kubwa kuliko ya Mnadani. Wakaanza kumwogopa. Wazee waliomzidi umri walimwamkia shikamoo. Dukani walimpisha mbele. Alilichukia jambo hilo, ingawa ile nafasi ya mbele dukani hakuikataa.

Sasa nifike kwa Katibu.

Alikuja asubuhi moja na mkewe na binti yao wa sekondari. Mimi nilikuwa nimempelekea Refa mchele. Katibu alikuwa ameshika kuku mweupe kwapani. Akapiga goti moja chini.

"Shikamoo, Refa."

"Usiniamkie, Mzee. Mimi ni mdogo wako."

"Tumekuja kwa amani. Yale ya zamani yalikuwa ya mpira, yaishe. Mtoto hana kosa. Kama kuna kitu ulikirudisha kwetu, kiondoe. Tuko chini ya miguu yako."

Binti alikuwa amefunika jicho la kushoto kwa kiganja. Refa akamwambia asogee, akamuuliza yeye badala ya baba yake.

"Linauma?"

"Nikiligeuza."

"Unaonaje?"

"Kama kuna moshi. Na rangi zimepauka."

"Wamekupiga nyungu?"

Binti akamtazama mama yake. "Kila jioni."

"Ukiwa ndani?"

"Linazima kabisa. Wanasema kinatoka."

Refa aliongea taratibu, kama mtu anayesoma.

"Mzee, sijatuma kitu. Sina cha kutuma. Na sisemi mtoto ana ugonjwa wangu, mimi si daktari. Nasema jicho la namna hii linaonwa na daktari wa macho, upesi, na akisema liende kwa bingwa wa neva, liende. Usimpige nyungu tena."

"Unakataa kutusamehe."

"Hakuna cha kusamehe. Nyie hamkunifanya kitu."

"Tulikufanya," Katibu akasema, na nadhani hata katika shida ile palikuwa na kiburi kidogo sautini. "Ndo maana nimekuja kuomba radhi. Jicho lako lilikwenda kwa mkono wetu."

"Likarudi lenyewe."

"Tulikusamehe ndo likarudi."

Nilimwona Refa akinitazama. Nikajua anachotaka kufanya, na nilitaka kumwambia asifanye. Kwa miaka nilikuwa nikiombea siku hiyo ifike, anisafishe mbele ya watu. Ilipofika sikuitaka.

"Goli lenu la fainali halikuwa goli," akasema. "Mfungaji wenu alikuwa ofsaidi. Huyu hapa alinyanyua kibendera, nikamwona, nikawapa. Hamkunihonga. Niliwaogopa, nikataka mniache. Unanielewa, Mzee? Niliwapa mlichokitaka kuliko vyote. Na masika ileile mguu wangu ukafa. Kama mlikuwa na nguvu hiyo mngeuacha, maana nilikuwa nimeshawalipa. Hamna nguvu yoyote. Wala mimi sina. Mpeleke mtoto hospitali leo."

Mkewe Katibu alinyanyua uso, na nilidhani maneno yamefika. Mume alisimama akajipangusa vumbi gotini.

"Lile goli lilikuwa halali," akasema.

"Mzee."

"Halali. Kombe liko sebuleni kwangu mpaka leo. Nimekuja na mtoto mgonjwa, wewe unataka kunivua ubingwa?"

"Chukua kombe, kaa nalo," Refa akasema. "Nakuomba jicho la mtoto."

"Nilinyanyua," nikasema mimi. "Mfungaji alikuwa peke yake, Mzee. Unajua alikuwa peke yake."

"Nyie wawili mmepanga." Akamshika binti mkono. Binti akauliza, kwa sauti ndogo, "Baba, sasa adanganye ili iweje?" Wakaondoka, kuku akipiga mbawa.

Nimeona watu wengi wakichagua vibaya, wanauza mpunga wa mbegu, wanampa mlevi funguo za pikipiki. Sijaona kama yule. Alikuwa tayari kuamini kwamba mwanawe amerogwa na kilema mwenye mkongojo, kuliko kuamini kwamba timu yake haikustahili kombe la bati.

Kabla ya jua kuzama mji mzima ulikuwa na habari, lakini nusu tu. Refa kakiri mwenyewe aliuza fainali. Hakuna aliyeuliza aliyekiri alikuwa anasema nini kingine. Waliamini kwamba goli lilikuwa la uongo, na hawakuamini kwamba ugonjwa ulikuwa wa kweli. Vijana wa gereji walikuja kuandika ukutani kwake neno ambalo sitaliandika. Chama cha mpira kilimwondoa hata kwenye mechi za shule alizokuwa akichezesha asubuhi, akiwa ameketi kwenye kiti. Wateja wa mageti wakatafuta fundi mwingine, kana kwamba geti nalo lina ofsaidi. Na mimi? Wengine walinijia sokoni kuniomba radhi. Sikuwapokea. Waliona sifa yangu siku walipopata wa kumtukana badala yangu.

Nilimuuliza Refa kama anajuta. Aliniambia maneno hayo angeyasema tena, ila angeanza na jicho na kumalizia na goli, maana watu husikia la kwanza. Halafu akasema kinachomwamsha ni yule mtoto, si filimbi. Kila shambulio lina wakati wake wa kutibiwa, na kila jioni ya nyungu ilikuwa inampotezea. Hatukuwa na njia ya kuingia kwao. Nilipita mara mbili karibu na nyumba ile nikijidai nauza mchele, geti limefungwa.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yake ya kliniki, mkewe akawa na homa, nikamsindikiza mimi. Stesheni ilikuwa na joto. Nilimtafutia benchi lenye kivuli, nikamlowanishia kitambaa. Wapakiaji mizigo walipomtambua, mmoja alipiga mluzi kama filimbi na wenzake wakacheka, na Refa akajidai anatafuta tiketi. Nilitaka kwenda kuwatukana, akanishika mkono.

Ndipo nilipomwona mkewe Katibu. Alikuja na binti na begi moja, bila mume. Binti alikuwa amefungwa bandeji safi ya hospitali jichoni. Walipita karibu nasi kabisa. Nilijiandaa kutabasamu. Mama yule alitutazama, mimi kisha Refa, akageuza uso na kumvuta binti mpaka mwisho wa jukwaa. Nilimsikia akimwambia mkata tiketi jina la mji tunaokwenda sisi.

Refa haoni vizuri mbali. Aliuliza nani waliopita, nikamwambia.

"Ametusalimia?"

"Hapana. Ametuona, akageuza uso."

"Hakuinama? Hakusema shikamoo?"

"Nimekwambia hata salamu hakutoa."

Akaanza kutabasamu, tabasamu lilelile la kuhamisha kete.

"Basi haniogopi tena," akasema. "Anakwenda kwa daktari."

Huenda ni kweli. Mimi moyo wangu ulikuwa umejaa uchungu, na bado umejaa. Mtu ametoa kila alichobaki nacho, na aliyepewa hawezi hata kusema habari za asubuhi. Nilimwinua, nikamshika kwapa upande wa mguu mbovu, tukapanda behewa letu. Wao wakapanda la nyuma.